Fundi Melkiadi na Maharage Yaliyochambuliwa

“Mnataka mtoto ajue baiskeli kwa kuchorewa ubaoni? Mwacheni aanguke nayo kwanza.” Marehemu Melkiadi Ndayikunda aliwajibu hivyo wazazi wa Kasulu mwaka 2023, walipomshtakia kikaoni kwamba watoto wao wanatoka kwenye kibanda chake cha ufundi na vidole vilivyoungua. Naye akawashtakia kwamba watoto hao hawajawahi kushika hata bisibisi. Kikao kilivunjika bila sala.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, Mabamba, wilayani Kibondo, mtoto wa nne wa mzee Nsengimana. Alisoma hapohapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1987. Mwaka huo aliifungua redio ya baba kwa ncha ya kisu. Asubuhi alichapwa. Jioni redio ilisema vizuri kuliko ilivyotoka dukani, na baba akaita majirani waje kusikiliza habari, fimbo haikutajwa.

Mwaka 1994 alihamia Kasulu akawa fundi redio. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Rosa, aliyekuwa amempelekea pasi ya umeme aitengeneze. Pasi ile ilikaa kibandani miezi minne, na haikuwa na ubovu wowote.

Kazi aliyoipenda kupita zote ni kuwafundisha vijana kuunda roboti, kila Jumamosi, bure. Mwezi Agosti 2024 aliwapeleka vijana wanane kwenye mashindano mjini Kibondo. Kiongozi wao, Firdausi, binti wa muuza duka, alikuwa ameongoza kuunda mashine ya kutoa mawe kwenye maharage: mota za deki mbovu za video, kipande cha ndoo, jicho la kutambua jiwe na mkono wa kulitupa. Sheria ya mashindano ilikataza mtu mzima kugusa chochote mezani.

Maharage ya kuijaribia yalitoka kwa Dorcas, mdogo wake marehemu, anayefanya biashara hiyo na ndiye anayesoma wasifu huu. Aliombwa kilo tano kama zilivyotoka shamba, Heru Juu. Lakini Dorcas, kwa kiburi chake, hakukubali watu wa Kibondo waseme maharage yake yana mawe. Ugenini, alisema, hakupelekwi uchafu. Alikaa uani akayachambua punje kwa punje, akafunga mfuko.

Mezani mashine ikatikisika, mkono haukuinuka hata mara moja. Jaji akachota maharage, akayatazama, akasema yamesafishwa makusudi ili kuficha kwamba mashine haifanyi kazi. Firdausi alikimbia kuokota vijiwe nje, akakataliwa. Wakaondolewa mashindanoni kwa udanganyifu.

Marehemu alirudi akamuuliza Dorcas kama aliyachambua. Dorcas akamjibu, “Nimekupa yalivyotoka shamba.” Alimtazama usoni akasema hivyo.

Mjini likaenea kwamba fundi anafundisha watoto wizi. Baba yake Firdausi alimkataza binti yake kukanyaga pale, na kati ya wanane wakabaki wawili. Dorcas aliyasikia sokoni kila siku, akaendelea kupima maharage. Mdomo unaojulikana Kasulu nzima kwa ukali ulikosa neno moja tu.

Novemba 2025 marehemu alianza kuugua figo. Mwezi Januari Dorcas alikwenda kumuuguza, akamwambia ukweli huku akilia. Marehemu alicheka mpaka akakohoa.

“Mimi nimekusamehe, Dorcas. Lakini walioitwa waongo tulikuwa tisa. Kwa hao wanane siwezi kukusemea.”

Alifariki tarehe 9 Februari 2026, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rosa.

Ameacha mjane, Rosa. Watoto wawili, Pasikali na Niyitegeka. Wajukuu watatu, na mdogo wake huyu.

Jana Dorcas alimwita Firdausi jikoni msibani, akampa karatasi hii aisome kabla ya wengine. Binti alisoma mpaka mwisho, akarudia pale pa maharage.

“Shangazi, kwangu yamekwisha,” akasema Firdausi. “Wale saba nimewapigia simu, watakuja. Ila usiruke mstari hata mmoja, na baba yangu awepo.”

Leo baba yake yupo, amekaa upande wa wanaume. Vijana wote wanane wamesimama kando ya jeneza. Hakuna mstari uliorukwa.

Kaka Melkiadi, Mungu akupe pumziko lenye amani.