Mzee Endelea na Picha ya Tarehe Ishirini Septemba

Ndugu, jamaa, marafiki na nyote mliofika kutufuta machozi, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Endelea. Naomba mniwie radhi mapema, kwa kuwa karatasi hii imekatwakatwa na kuandikwa upya, mistari mingine jana jioni na mingine leo asubuhi, na hata sasa ninaposimama mbele yenu kichwa changu bado hakijakaa sawa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1942 kwa mujibu wa kitambulisho chake, akiwa mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe. Hata hivyo shangazi yetu, ambaye ni mdogo wake kwa miaka miwili na ambaye naye kitambulisho chake kinasema 1942, amekataa katakata, anasema hawezi kuzika kaka na kugundua siku hiyohiyo kwamba walikuwa mapacha, kwa hiyo tumeandika 1940 ili tuendelee.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, akafaulu hesabu na kufeli mwandiko, kisha mwaka 1957 hadi 1959 akajifunza kupiga picha katika studio ya jirani, ambako mwaka mzima wa kwanza hakugusa kamera, alifagia na kushika pazia. Tarehe 4 Februari 1963 aliajiriwa katika lile jengo la ghorofa mnalolijua, chini maktaba na juu makumbusho ya sanaa, kazi yake ikiwa kupiga picha ya kila kinyago, kila mchoro na kila kitabu kikuukuu ili viingizwe kwenye daftari la kumbukumbu.

Filamu moja wakati ule ilitoa picha thelathini na sita, vinyago vipya havikufika idadi hiyo kwa wiki, na baba hakuweza kuvumilia filamu ipotee bure, hivyo nafasi zilizobaki aliwapigia watu picha. Alimpiga picha mfagizi akiwa amelalia mpini wa ufagio mbele ya sanamu ya mfalme, akawapiga wapagazi wawili wakishusha sanamu ngazini ikiwa imefunikwa blanketi kama mgonjwa, akampiga bibi wa mapokezi akijaribu kofia iliyosahauliwa na msomaji. Kila walipomwona walijinyoosha na kukaza shingo, naye akawaambia, "Endelea na kazi, mimi sipo hapa," na ndipo jina lilipomganda. Picha hizo sasa zimepita elfu nne, watu wanatoka mbali kuzitazama, na hakuna hata moja ambamo yeye mwenyewe anaonekana.

Alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa mshonaji, tarehe 10 Juni 1967, siku ya Jumamosi. Hapa tena tulibishana, kwa sababu picha yao kwenye ngazi za makumbusho, mama akicheka huku ameshika kiatu kimoja, ina muhuri wa tarehe 3 Julai, lakini shangazi aliyepika siku ile amesema hawezi kupika sherehe mara mbili, tukaliacha. Walijaliwa watoto watatu, mimi tarehe 2 Aprili 1969, mdogo wangu wa kiume mwaka 1972, na kitindamimba wetu mwaka 1977.

Mama alifariki hospitalini tarehe 20 Septemba 1984, saa nane mchana, baada ya kulazwa wiki mbili. Hapo nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu, nikitaka kuupita haraka, lakini leo sitaupita. Siku ile sisi watoto tulikuwa shuleni, shangazi akaja kutuchukua, na baba alirudi jioni mikono yake ikinuka dawa za kusafishia picha, akasema mama yenu amepumzika, basi. Wiki iliyofuata, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilikuta mfukoni mwa koti lake bahasha yenye picha ya chumba cha kusomea, watu wameinama mezani, na nyuma yake muhuri: 20 Septemba 1984. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mama yangu alipokuwa akikata roho mume wake alikuwa kazini akipiga picha za watu wanaosoma magazeti. Sikumuuliza. Nilimwekea kinyongo miaka arobaini, nikamsalimia kwa adabu na kumpikia alipokuja, na nilipoolewa tarehe 14 Desemba 1996 nilimwomba baba mdogo anishike mkono, baba akakaa safu ya nne na kamera yake. Naye hakuniuliza.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2000. Mwaka 2015 macho yake yalianza kufifia, ikawa wajukuu ndio wanaomsimulia picha zake, naye anawasahihisha bila kuziona. Mwaka huu mwezi wa Machi figo zilisumbua, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, aliaga dunia akiwa ameshikwa na kitindamimba wetu. Mimi nilikuwa ofisini, kwenye kikao, simu nimeizima.

Jana mdogo wangu wa kiume alikuwa akichagua picha za kuweka kwenye ubao pale mlangoni, akanipa ileile ya chumba cha kusomea, akaniuliza huyu mwanamke wa dirishani si mama yetu? Nilimwambia aache utani. Kisha nikaitazama, na kwa kweli nilikuwa sijawahi kuitazama, nilisoma nyuma yake tu. Ni mama, na shali yake aliyoifuma mwenyewe, bahasha ya kliniki mapajani, amekaa benchi la mwisho akimsubiri baba amalize kazi waende pamoja, na kati ya watu wote humo ndani ni yeye peke yake aliyeinua uso na kumtazama mpiga picha. Nilishindwa kuelewa mtu aliyelazwa wiki mbili, na ambaye siku hiyo alifariki, anafikaje maktaba kukaa dirishani.

Leo alfajiri nilikwenda kwa mzee aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu, rafiki wa baba, ambaye amekaa pale safu ya pili. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. Alisema kila mtu kazini alijua kwamba muhuri haukuwa wa siku picha ilipopigwa, ulikuwa wa siku ilipokauka na kuanuliwa kambani, na kwamba filamu ikisubiri vinyago huweza kukaa ndani ya kamera hata mwezi. Asubuhi ya tarehe 20 baba alikuwa akitundika picha zile wakati hospitali ilipopiga simu, akatoka mbio na aproni, mikono haijakauka. Saa saba fundi alimpelekea koti lake akamkuta amekaa kitandani kwa mama, amemshika mkono, na hakuweza kulivaa kwa kuwa hakutaka kuuachia. Jioni fundi akarudi, akaanua picha, akagonga muhuri yeye mwenyewe.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupokelea wageni tangu Jumanne, wafanyakazi wenzake wa maktaba na makumbusho walioleta picha, na wewe mzee wetu fundi, ambaye hukujua kwamba kuna mtu alihitaji habari hiyo. Picha iko pale mlangoni, tumeiacha na muhuri wake, mkiitazama anzeni mbele.

Baba, ulizoea kusema hupo. Ulikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo, nisamehe, na sasa ulale kwa amani karibu na mama.