Fundi Kasema Diski Zimekwisha

Nje ya duka la mama yangu la ushonaji kuna benchi la watu watatu, na watatu hao ni walewale kila asubuhi. Yupo Stoo, aliyetunza ghala la kampuni kwa miaka ishirini na tatu na mpaka leo hamwamini mtu aliyebeba boksi. Yupo Kipara, kinyozi wa mlango wa pili. Na yupo mjomba wangu, kaka yake mama, dereva wa teksi, ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake. Mama huwawekea chupa ya kahawa dirishani, nao hubishana mpaka iishe. Asubuhi hiyo mjomba alikuja amenuna. Saa nne alitakiwa kumchukua hospitali mzee mmoja aliyepasuliwa nyonga, ampeleke kwake bondeni, chini ya ule mteremko mrefu. Na jana yake fundi alimwambia asiliendeshe tena lile gari mpaka abadilishe diski za breki za mbele.

Taratibu: Eti zimekwisha. Zile sahani mbili za chuma zinazobanwa na pedi. Mimi nimekwenda kubadilisha pedi tu, narudi na hadithi ya diski.

Stoo: Umepeleka pedi, kaona diski. Ungepeleka diski, angeona injini. Ungepeleka injini, angesema wewe mwenyewe umechakaa.

Kipara: Na kweli kachakaa.

Taratibu: Kipara, kunywa kahawa.

Stoo: Kwanza chuma kinakwishaje? Sabuni inakwisha. Chuma?

Taratibu: Anasema pedi inakila kidogo kidogo. Kikishakuwa chembamba kinashika moto upesi, na kwenye mteremko breki zinakuachia njiani.

Kipara: Mkasi wangu nimeunoa miaka tisa. Umekuwa mwembamba kama jani, na unakata kuliko ulivyokuwa mpya.

Taratibu: Kwa hiyo?

Kipara: Kwa hiyo pengine diski zako ndiyo kwanza zinakolea.

Mama alisimamisha cherehani.

Mama: Kaka, ule usukani bado unatetemeka?

Taratibu: Nikikanyaga breki tu. Nikiachia, unatulia.

Stoo: Ulianza lini kutetemeka?

Taratibu: Mwezi uliopita.

Stoo: Na kwa fundi huyu ulianza kwenda lini?

Mjomba alifikiri.

Taratibu: Mwezi uliopita.

Stoo aliweka kikombe chini kama hakimu aliyemaliza kesi.

Stoo: Mimi sisemi kitu.

Taratibu: Lakini kapima, Stoo. Kapima mbele yangu. Diski yenyewe imeandikwa pembeni unene wa mwisho, milimita ishirini. Chini ya hapo unatupa. Kipimo kikasoma kumi na nane na nusu.

Stoo: Nani kaandika hiyo ishirini?

Taratibu: Kiwanda.

Stoo: Ulikuwepo kiwandani?

Taratibu: Sasa mimi nitakuwepo kiwandani nafanya nini?

Stoo: Basi. Nimepokea maboksi yameandikwa mia moja, ndani tisini na sita. Fundi ana nyundo, ana tindo, ana mchana kutwa. Anashindwaje kugonga namba mbili kwenye chuma?

Kipara: Ninyi mnatazama karibu mno. Nani aliomba matuta barabara hii? Matuta manne, na kila tuta ni breki. Na gereji iko wapi?

Taratibu: Baada ya tuta la nne.

Kipara alijimiminia kikombe kingine, ameridhika sana na nafsi yake.

Stoo: Na ule mteremko je?

Kipara: Aa, mteremko ulikuwepo tangu zamani.

Stoo: Una hakika?

Kabla Kipara hajajibu, alifika mwanamke mwenye bahasha ya hospitali mkononi na mto wa kulalia kwapani.

— Samahani, namtafuta dereva Taratibu. Baba ameshavalishwa, anasubiri. Nimeona heri nikufuate mwenyewe.

Mjomba alimsalimia, akatazama saa, akasema bado wanalo jambo dogo la breki wanalimalizia.

— Breki zina nini, kaka?

— Fundi anasema diski zimeliwa. Lakini wenzangu wanaona fundi ana lake.

— Na zenyewe zikoje?

— Fundi anasema…

— Fundi nimemsikia. Nauliza diski zikoje. Mzee, wewe umeziona?

Stoo alichungulia ndani ya kikombe.

— Na wewe?

Kipara alijipangusa kichwa.

— Wewe mwenye gari je? Fundi alipozitazama hukuwepo?

Mjomba alitoa funguo mfukoni.

— Nilikuwa namwangalia mikono, dada. Asije akanibadilishia kitu.

Gari lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano. Mjomba alivuka, yule dada akamfuata, nami nyuma yao. Alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akaingiza kidole kwenye tundu la rimu, akapapasa. Alikitoa kimejaa weusi. Akakirudisha tena, polepole zaidi.

— Umegusa nini?

— Ukingo. Katikati pameliwa pote, pembeni pamebaki kama mdomo wa sufuria. Na hapa kuna mifereji, ukucha unanasa.

— Inatakiwa iwe hivyo?

— Haitakiwi.

— Wewe jana ulishuka bondeni na gari hili?

— Mara tatu. Na watu.

Yule dada aliukumbatia mto. Mjomba aliinuka, akafunga mlango wa gari kwa funguo, akatikisa kitasa kuhakikisha.

— Baba yako simpakii leo, dada. Nakutafutia gari jingine sasa hivi.

Akampigia dereva mwenzake, akaweka sauti kubwa. Hakusalimia.

— Diski zako za mbele, umeziangalia lini kwa macho yako?

Tulisikia honi za huko aliko, na mtu anauza maji.

— Mbona unauliza? Nani kasema nini?

Mjomba akakata, akatafuta namba nyingine.