Mwalimu Gédéon Onema na Kaye Yake ya Maneno

Majirani wa barabara hii yetu ya Kasuku wanaujua ule mlio wa usiku wa manane, vibao vya herufi vikitikiswa ndani ya bati la maziwa, na sauti ya mzee akijihesabia pointi peke yake, wakawa wanasema Mwalimu anacheza tena na shetani wake, naye asubuhi anawajibu kwamba shetani hajui Kiingereza, angejua angekuwa amekwisha kumshinda. Ndiye huyo tunayemsindikiza leo, na familia imeomba historia yake isomwe yote, pamoja na jambo moja la kaye yake, daftari lake la maneno, kwa sababu vijana wa klabu yake ya mchezo wa herufi wamekwisha kukubaliana kuipiga chapa na kuigawa katika shule zote za Kindu, naye amekufa akiogopa kwamba itatoka vile ilivyo.

Mwalimu Gédéon Onema alizaliwa Obokote, teritware ya Lubutu, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa wakulima, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari hapa Kindu, akapata diploma ya Serikali mwaka 1978, akaenda Kisangani kusomea ualimu wa Kiingereza, akamaliza mwaka 1983, lugha ambayo baba yake alimwuliza mpaka siku ya kufa kwake kwamba ataizungumza na nani.

Alianza kazi Kalima mwezi wa Septemba 1984, na huko injinia mmoja mgeni, akirudi kwao mwaka 1987, alimwachia sanduku la Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi ziwe neno, pamoja na kamusi iliyoliwa na mchwa, na humo Mwalimu akaanza kuokota maneno ambayo Waingereza wenyewe wengi hawayajui, akayaandika katika kaye ya jalada la bluu, zax, chombo cha kukatia mawe ya kuezekea paa, cwm, bonde la huko Wales, ai, mnyama wa Brazili anayetembea kama hataki, na wanafunzi wake waliochelewa wanakumbuka walivyopokelewa mlangoni, «Karibu, ai, ulipumzika mara ngapi njiani?»

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mama Odette, wakahamia Kindu mwaka 1991, Mungu akawapa watoto wanne, Jules, Hélène, Claudine, na wa mwisho Bénie, na kuhusu kuzaliwa kwa huyu Bénie njo kuna jambo lenyewe, jambo ambalo hata Mama Odette analisikia leo kwa mara ya kwanza, mama utusamehe.

Mwaka 2002 mji ulikuwa umefungwa, gari la moshi haliji, chumvi inauzwa kwa kijiko, na Mama Odette, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amekwenda kutafuta mihogo ng'ambo ya mto, Alunguli, wakati waasi walipokataza mitumbwi yote, akabaki huko wiki tatu, yeye ambaye Claudine alitolewa kwa kupasuliwa, na hospitali iko upande huu. Mkubwa mmoja wa waasi alikuwa amesomea Kiingereza nje, akapenda kumwita Mwalimu kila Jumapili wacheze, basi Jumapili ya tarehe 14 Julai Mwalimu akamwomba karatasi ya kumvusha mke wake, yule mkubwa akacheka, «Mwalimu, karatasi sitoi bure, unishinde kwanza, ukishindwa usiniombe tena.»

Wakacheza mpaka vibao vikaisha ndani ya mfuko, Mwalimu yuko nyuma sana, herufi zilizo mkononi mwake hazitoi kitu, akamwona Mama Odette kule ng'ambo na tumbo lake, akaziweka mezani zote saba vile vile, na anayezimaliza zote mara moja huongezewa pointi hamsini, zikawa neno la kumpitisha mbele, neno ambalo halikuwa katika kamusi yoyote ya dunia. «Hii njo nini?» mkubwa aliuliza, na Mwalimu, ambaye alikuwa akiwapa sufuri wanafunzi wanaobahatisha, akamwambia maana yake bila kupepesa macho, akamtajia na nchi wanakolitumia, maana ambayo hatuisomi hapa kwa sababu mtalitambua. Kumdanganya mkubwa wa jeshi siku zile kulikuwa kujichimbia kaburi. Yule mtu alihesabu pointi, akasema, «Wee muzee, kichwa yako iko na mambo,» akaandika karatasi. Mama Odette alivuka Jumatatu asubuhi, Jumanne tarehe 16 Bénie akazaliwa kwa kupasuliwa, wote wawili wazima.

Lakini Jumapili iliyofuata mkubwa alitaka kuona kaye, ajifunze, ikabidi neno lile liwe limeandikwa humo kati ya mengine, kwa wino ule ule. Vita ikaisha, yule mtu akaenda zake, neno likabaki, na klabu ilipoanzishwa mwaka 2006 kaye ikawa ndiyo mwamuzi, mtu akibisha, Aboubakar, rais wa klabu, anamjibu, «Kama iko mu kaye ya Mwalimu, iko, kaa chini.» Zaidi ya mara moja neno lile liliwekwa mezani mbele yake, alinyamaza, akarudi nyumbani, hakula, Mama Odette akadhani ni ugonjwa wa sukari.

Sukari yenyewe ilionekana mwaka 2021, ikashika figo mwaka jana, na tarehe 31 Januari 2025, aliposikia pesa za kupiga chapa kaye zimekamilika, alimwita Bénie, aliyekuja na mtoto wake mchanga mgongoni, akamwambia neno lenyewe, akasema, «Ile neno njo ilikuvusha, basi wewe njo utawaambia kama iko mu kaye.» Bénie aliogopa, akataka kulifuta tu kwa kalamu, yaishe, marehemu akakataa, «Ukilifuta wataamini mengine yote vile vile walivyoamini hili. Waambie moja ni la uongo, watafute yote, moja moja, kamusi siku hizi iko mu telefone.» Alifariki Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa kumi na moja ya alfajiri, akiwa na miaka 66, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani walioleta maji, kuni na viti, walimu wenzake, na klabu yake, ambayo sasa ina kazi kabla ya chapa. Lala, Mwalimu, bila wasiwasi, umekwisha kulisema. Na ninyi vijana msimfuate Bénie nyuma ya nyumba, wala msimtume mama yake amwulize, kwa sababu Bénie alimshika baba yake mkono akamwahidi kwamba neno lile hatamwambia mtu mwingine yeyote.