Hadithi za Machi, Mama Wakiwa kwenye Stroberi

Mgeni rasmi, Bwana Anselmo Carrizosa, mwenye mashamba ya stroberi huko Uhispania, mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, padre wetu, kina mama mnaosafiri kesho, watoto wa chekechea ya Poiana Rece na wote mliovumilia baridi hii kuja kutusikiliza:

KARIBU KWETU

Sisi mabibi na walimu wa saa ya hadithi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umefika theluji ikiwa magotini na hukulalamika. Umekula kabichi yetu ya kufungia nyama, ukaongezewa, ukala tena, nasi tumeona na tumefurahi.

Leo unatufungulia chumba cha hadithi. Zulia ni zawadi yako, na jiko hili jipya la kuni, lisilotutoa machozi kwa moshi, ni zawadi yako. Bibi Safta, msimulizi wetu mkuu, siku ya kwanza kulikanyaga zulia alivua viatu. Akasema ni zuri kuliko la kanisani, na padre asije akaliona. Padre ameshaliona. Tunaomba libaki hapa.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, saa ya hadithi haikuanza kwa mipango. Ilianza kwa sababu watoto waliacha kulala mchana. Ilikuwa majira ya baridi yale ambayo kina mama wa kijiji hiki walianza kwenda kwako kuchuma, wakiondoka Februari na kurudi cheri zinapoiva. Watoto walilazwa kama kawaida, lakini walilala macho wazi wakitazama dari. Hawakulia. Mwalimu Aurelia, anayewasomea risala hii, angeona heri wangelia.

Bibi Safta alikuja siku moja kumchukua mjukuu wake Smaranda, mtoto wa binti yake Viorica. Alimkuta mwalimu ameketi sakafuni katikati ya vitanda, naye hajui afanye nini. Alitundika koti lake, akakaa kwenye kiti cha mtoto, akaanza kusimulia habari za nungunungu aliyeazima kofia kwa jirani akakataa kuirudisha. Kofia haijarudishwa bado, watoto wote wamesinzia. Kumwinua Bibi Safta kutoka kwenye kile kiti kulihitaji watu wawili. Kesho yake alirudi, na alikuja na mabibi wenzake.

TULIYOYAFANYA

Tangu hapo tunapanga hadithi kwa majira. Kila Septemba, jamu ya plamu inapochemka uani kwa Bibi Safta, tunazunguka sufuria na miiko yetu tunapanga mwaka mzima. Vuli ni hadithi za majani na ndege wanaohama, na watoto wanaleta koko za misonobari kutoka msituni za kuchezea. Majira ya baridi tuligombana. Bibi Paraschiva alitaka mbwa mwitu kila wiki, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa yeye. Bibi Safta akamuuliza, “Na mashuka utafua wewe?” Tukasuluhishwa na mwalimu: mbwa mwitu anaruhusiwa, ila awe mzee na hana meno.

Kiangazi, kina mama wanakuwepo, kwa hiyo hadithi ni zao. Tunahamia chini ya miplamu, wao wanasimulia, sisi tunasinzia nyuma. Hakuna wakati tunaoupenda kuliko huo. Unapita upesi mno.

YANAYOTUUMIZA

Majira ya kuchipua ndiyo yaliyotushinda, na tunaomba mkalimani hapa asiruke neno.

Mgeni rasmi, kwetu siku tisa za kwanza za Machi huitwa Siku za Vikongwe. Kila mtu huchagua moja iwe yake. Siku yako ikiamka na jua, utakuwa mtu wa furaha mwaka mzima. Ikiamka na mvua au theluji, watu watakukwepa, kwamba utanuna hadi mwaka mwingine. Ni mchezo, lakini huku hata wenyeviti wa vijiji wanaucheza, na hakuna anayemtakia mwenzake siku mbaya. Hilo ni tusi.

Basi tukapanga hivi: kila mtoto amchagulie mama yake siku, afunge uzi mwekundu na mweupe mkononi, na siku hiyo, saa sita mchana, mama apige simu amsimulie hadithi. Tuliona tumepanga vizuri. Hatukujua habari za kreti.

Tumekuja kuambiwa kwamba shambani simu zote huwekwa asubuhi kwenye kreti la plastiki na kutolewa jioni. Hatusemi kanuni ni mbaya. Mtu hawezi kushika simu na stroberi kwa mkono mmoja, hilo hata sisi tunalielewa. Jioni mama anapiga kweli, lakini saa zetu zimetangulia za kwenu na mtoto kashalala. Anayepokea ni bibi, nao wawili wanaongea kwa kunong'ona, na mama anaomba simu isogezwe karibu na mto asikie mtoto anavyopumua. Tumeisogeza mara nyingi, mgeni rasmi.

Mwaka jana siku aliyoichagua Smaranda iliamka na jua zuri sana. Aliketi na simu ya bibi yake mapajani tangu uji wa asubuhi. Saa sita ilifika ikapita. Bibi Safta akalisifu jua, akamwambia, “Umeona? Mama yako mwaka huu atakuwa anacheka tu.”

Smaranda akasema, “Jua likiwaka anachuma. Ningemchagulia ya mvua.”

Na kwa bahati mbaya siku ya pili yake mvua kubwa ilinyesha huko kwako, hamkuchuma, simu zikatolewa, na mama wa mjukuu wa Bibi Paraschiva akapiga mchana kweupe. Watoto wote walimsikia akisimulia. Tangu hapo hakuna wa kuwaambia lolote. Sisi wakubwa tunajua mvua ya huku siyo mvua ya huko. Wao kwao mvua ni moja.

Wiki iliyopita tulikaa nao kupanga Machi hii. Zamani waligombea siku za mwisho kwa sababu zina joto. Safari hii walimuuliza mwalimu ni siku ipi itakuwa mbaya kupita zote, wakasukumana kuigombea. Bibi Safta aliwakemea. Aliwaambia mtu hamtakii mama yake mwaka wa kununa. Smaranda akamjibu, “Anune tu, Bibi. Mradi apige.”

Bibi Safta alisema anakwenda kuchukua kuni. Alirudi baada ya muda mrefu, mikono mitupu.

TUNALOOMBA

Mgeni rasmi, kina mama walioketi pale nyuma wametuonya. Viorica alimwambia mama yake jana, mbele yetu, “Mama, nakuomba, usiniharibie kazi. Someni asante mkae.” Kwa hiyo ijulikane kwamba hakuna mama hata mmoja aliyetutuma, na basi la kesho liondoke na wote walioandikishwa. Kama tumekosa adabu, tumekosa sisi vikongwe, na sisi huwezi kutufukuza kazi maana hatuna.

Asante tumeisema na tunaisema tena kwa dhati. Mishahara yako imeezeka mapaa ya kijiji hiki. Ombi letu ni moja. Katika siku zile tisa, kila mama apewe simu yake saa tano za huko, siku aliyochaguliwa na mtoto wake, hata jua likiwaka. Muda wa hadithi moja tu. Bibi Safta ameshazifupisha zote kwa ajili yako. Iliyokuwa na mabinti watatu wa mfalme sasa ina mmoja, na anaolewa mapema. Mama atakayerudi kuchuma akiwa ametoka kusimulia, tunaamini mikono yake itakuwa myepesi zaidi.

Na kwa kuwa sasa wewe ni mtu wa hapa, watoto wamekuchagulia nawe siku yako, tarehe saba. Bibi Safta aliwauliza wakutakie nini, akitumaini watasema jua, tukuandikie hivyo vizuri hapa mwisho. Walishauriana. Akasimama Smaranda kuwasemea.

“Mvua,” alisema. “Ili na yeye apate kumpigia mama yake.”

Tumeyaandika kama alivyoyasema, na tunakutakia hivyo hivyo. Mungu akurudishe kwako salama, awalinde kina mama hawa barabarani, na aibariki kila nyumba inayosubiri simu.

Ni sisi,
Mabibi na Walimu wa Saa ya Hadithi,
Chekechea ya Poiana Rece