Fanuel Onyango Oduor na Posa ya Bima (1951–2025)

Marehemu Fanuel Onyango Oduor alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kendu Bay, mtoto wa nne wa Mzee Oduor na Mama Peres. Alisoma shule ya msingi nyumbani, kisha akajifunza ufundi wa vyuma Kisumu, ambako mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana ana mikono myepesi na mdomo mzito.

Mwaka 1978 alimwoa Zilpah Kwamboka. Wazee wa pande zote mbili walijadiliana siku mbili huku bwana harusi ametulia kimya, kama desturi ilivyotaka. Alirudi na mke mwema, na imani isiyotikisika kwamba katika jambo kubwa mtu hajisemei.

Walihamia Birmingham, Uingereza, mwaka 1984. Kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza bawaba za milango katika kiwanda kimoja cha Hockley, akastaafu na bima ya matibabu yake na ya mkewe.

Septemba 2022 ikaja barua. Kampuni ilikuwa imeacha kuwawekea wastaafu bima ya pamoja; kila mmoja angepewa fungu la fedha la mwaka, ajichagulie bima katika soko la mtandaoni, akiongozwa na mshauri kwa simu. Ambaye angekuwa hajachagua kufikia jioni ya 30 Novemba angekosa vyote. Wakati huo nyonga ya Mama Zilpah ilikuwa imeharibika, na foleni ya upasuaji katika hospitali ya umma ilikuwa ndefu. Hakuweza kupanda ngazi za nyumba yao ya Great Barr bila kushikwa.

Onyango akavaa suti, akaita wazee wa kumsemea, kama kwenye posa. Msemaji alikuwa jirani yake, Mzee Cyriaque, mzaliwa wa Uvira. Simu iliwekwa mezani kati ya sahani za maandazi. Mshauri, Bi Jasumati, alipouliza wanataka bima gani, Cyriaque alimjibu kwa upole:

"Madame, leo hatujaja kununua. Tumekuja kujuana."

Jasumati akauliza nani kati yao ni Bwana Onyango.

"Yupo. Ila yeye hasemi."

Simu ya pili ilikwisha kwa habari za wazazi wa Jasumati. Katika ya tatu wazee walienda jikoni kushauriana, wakakaa dakika arobaini. Mama Zilpah alibaki na simu, akamweleza Jasumati habari za nyonga.

Tarehe 30 Novemba, ikiwa imebaki robo saa, Jasumati aliwashukuru wazee, akasema kanuni inamtaka asikie kibali cha mstaafu mwenyewe. Cyriaque alijaribu mara mbili kukubali kwa niaba yake, akakataliwa. Onyango akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mke wangu mpe ile bima kubwa, ya upasuaji," alisema. "Mimi nipe itakayobaki."

Wazee walilalamika kwamba ameharibu mazungumzo yaliyokuwa yakienda vizuri.

Mama Zilpah alifanyiwa upasuaji Mei 2023. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Novemba 2024, akatibiwa vyema katika hospitali ya umma. Aliaga dunia nyumbani alfajiri ya 9 Februari 2025, mkewe akimpandishia chai ghorofani, kikombe mkono mmoja, na mkono wa pili hauna fimbo.

Ameacha mjane, Zilpah, watoto, Lennox na Cheryl, mjukuu, Ivan, na Mzee Cyriaque, aliyeomba kusema machache leo. Familia imemwomba yasizidi dakika arobaini.

Apumzike kwa amani mtu aliyejisemea mara moja, ikatosha.