Shangazi wa Benchi la Mkojo Anavua Koti

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika maabara ya hospitali yetu, yote kwenye benchi moja, la mkojo. Wengine tulianzia hapo, tukahamia kwenye damu, tukajiona tumepanda cheo. Yeye aliulizwa mara tatu kama anataka kuhama. Mara zote alijibu kwamba damu lazima umchome mtu sindano, lakini mkojo mwenyewe anauleta kwa hiari.

Alianza kazi wakati sukari ilitafutwa kwa kuchemsha mkojo na dawa ya buluu kwenye mrija wa kioo. Ikigeuka rangi ya matofali, mgonjwa ana kisukari. Baadaye vikaja vijiti vya kuchovya, kisha mashine. Vyote alivijifunza kabla yetu, kisha akatufundisha bila kutucheka, angalau si mbele ya wagonjwa. Mzee mmoja aliwahi kumletea chupa ya soda ya lita moja na nusu, imejaa hadi shingoni. "Baba, tuliomba sampuli, wewe umeleta mzigo," Shangazi alimwambia. Mzee alijibu kwamba hakutaka kuonekana bahili.

Kilichomfanya ajulikane hadi wodi ya wazazi ni kitabu chakavu cha Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, alichopewa na mgonjwa aliyepona. Humo alisoma kwamba waganga wa zamani walidondosha tone la mafuta kwenye mkojo wa asubuhi: likitandaa haraka, mgonjwa atapona, likizama, ndugu wajiandae. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa maabara, akajaribu kwa miezi sita, sampuli 212, kisha akasoma matokeo kwenye kikao cha wafanyakazi. "Mafuta yametandaa vizuri kuliko kote kwenye kikombe kilichobaki na sabuni," alisema. "Kwa hiyo sabuni itapona." Na wanaomuuliza kama kunywa mkojo ni dawa huwajibu kwamba hajasoma utafiti wowote uliothibitisha hivyo, na kwamba kitu ambacho mwili umekitoa nje kisirudishwe ndani kabla daktari hajaulizwa.

Ukurasa mmoja tu hakuufanyia mzaha. Waganga wale waliona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo wa wagonjwa fulani, wakasema mkojo huo ni kama asali. Huo ndio ugonjwa ambao leo tunaupima kwa vijiti. Shangazi alitusomea ukurasa ule wakati wa chai, na aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Hapa nafika kwenye jambo alilonikataza nisiliandike. Faili lake linafungwa Ijumaa, na ndani yake kuna barua moja isiyostahili kuwemo.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na utaratibu wangu. Kila asubuhi, kabla ya kupima wagonjwa, nilipima mkojo wangu mwenyewe uwe mfano wa mtu mzima mwenye afya njema. Hakuna kitabu kilichoagiza hivyo, nilijiteua. Kwenye chupa niliandika SALAMA kwa herufi kubwa. Kwa wiki tatu vijiti vyangu havikuonyesha sukari kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote. Majibu yalikuwa nadhifu mno hata sikuona sababu ya kuyatilia shaka.

Jumanne tarehe 14, sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani, wakazipita chupa nne za wagonjwa, wakaipanda ile ya SALAMA. Niliandika kwenye daftari langu: "Sisimizi tena. Mhudumu wa usafi alete dawa." Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hii ya nani?"

"Yangu, Shangazi. Ni ya mfano."

"Mfano wa nini?"

Hakusema kwamba sisimizi ni kipimo. Alisema mdudu ni sababu ya kupima tena, akafungua kopo jipya la vijiti. Kijiti kiligeuka kahawia, rangi ya sukari nyingi, kabla sijamaliza kumweleza utaratibu wangu. Kisha akalitazama kopo langu. Lilikuwa halina kifuniko. Nilikuwa nimekiweka kando wiki tatu kwa sababu kilinichelewesha, na unyevu ulikuwa umeviharibu vijiti vyote. Mchana huo daktari alinilaza.

Mimi nikiwa kitandani, Shangazi alipekua rejesta, akawapigia simu watu sitini na watatu, mmoja mmoja, warudi kupimwa. Saba walikutwa na kisukari. Wakubwa walipouliza nani alaumiwe, aliandika barua ya mistari miwili: vijiti vimekaa wazi kwenye benchi langu, nawajibika. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Barua hiyo ingekuwa na jina langu, ningeondoka. Yeye alipewa onyo, na cheo cha mkuu wa kitengo kikaenda kwa mwingine. Nilipomfuata kumshukuru aliniambia, "Wewe funga kopo." Nilifunga kopo, na mdomo pia, miaka tisa.

Namwomba mkuu wa maabara ambandikie Shangazi ukurasa huu nyuma ya barua ile kabla ya Ijumaa. Kopo lilikuwa langu. Tarehe ninayo, na saini yangu iko hapa chini.

Asante, Shangazi, kwa niaba ya watu sitini na watatu, na wa sitini na nne ambaye ni mimi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu wa kukukabidhi chupa yenye uvuguvugu akikuambia ni ya haraka.