Bibi Yustina Mkude na Alizeti ya Milia ya Mama Yake

Marehemu Bibi Yustina Mkude alizaliwa Kinole, milimani Uluguru, tarehe 14 Agosti 1938, akiwa mtoto wa pili wa Bibi Angelina, mwanamke aliyeshika ardhi na mbegu za ukoo. Vijana mliosahau, kumbukeni: kwa Waluguru shamba hufuata tumbo la mama. Mume hulima, hamiliki.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1951. Siku moja padri alimkuta akitafuna alizeti katikati ya katekisimu. "Una nini mdomoni?" "Mbegu ya haradali, baba, ile ya Yesu." Padri akacheka kwanza, ndipo akamchapa. Alitaka binti huyo aendelee na masomo, lakini wajomba walikataa. Walikosea, na leo si siku ya kuwafichia.

Tarehe 12 Oktoba 1957 alifunga ndoa na Bwana Andrea Lukali, wakajenga Bigwa. Yustina alikabidhiwa shamba la ukoo lililo karibu na Mikese, pamoja na kibuyu cha alizeti ya milia. Alizeti hiyo ilikuwa fupi, ilivumilia jua, na mafuta yake yalinukia hadi kwa jirani. Wakati wa palizi watu walialikana, wakanywa togwa, wakaimba, na wanawake walirudi na mboga za mwituni, mlenda na mchunga, walizochuma humo humo shambani. Mbegu haikuuzwa. Aliyepungukiwa alipiga hodi, akapewa.

Ndipo likaja soko huria. Mwaka 1994 kiwanda cha umma alichofanyia kazi Bwana Andrea kiliuzwa, naye akarudi nyumbani na mgongo mbovu. Bwana shamba wa serikali alipunguzwa kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na wakala wa kampuni ya mbegu, mgawa fulana na kofia. Januari 1999 wakala huyo alileta alizeti iliyotengenezwa maabarani ili isife ikipigwa dawa ya magugu. "Mzee, jembe limepitwa na wakati," alimwambia Andrea. "Unapuliza, unakaa kivulini." Mtu mwenye mgongo mbovu angekataaje? Hakuna mjomba aliyeulizwa, ingawa shamba ni la ukoo.

Katika nyumba ya Bibi Angelina, mbegu ngeni haikupandwa peke yake. Ilichanganywa na ya wenyeji ili ijifunze shamba. Yustina alifanya alivyolelewa: akamimina kibuyu chote, akachanganya, akapanda. Machi mumewe akavaa bomba mgongoni, akapuliza. Shamba likawa kama kichwa chenye mapunye. Alizeti ya kampuni ilisimama. Ya mama yake ilinyauka, na mlenda na mchunga vikanyauka nayo.

Wakala alipoitwa, alishika kiuno. "Mama, nani alikwambia uchanganye?"

"Na wewe nani alikukataza kunionya?"

"Soko huria hili, mama. Kila mtu na hasara yake."

Watu walimcheka marehemu hadi kanisani. Alipita kwa wanawake wa ukoo, Mikese hadi Kingolwira, akiomba japo konzi moja ya mbegu aliyowapa zamani. Wote walikuwa wameshaikamua mafuta, wakingoja ya kampuni. Waliohusika wapo hapa, wanajijua.

Lakini dawa ilikuwa imeisha bombani kabla ya kufika kona ya shamba iliyo kando ya mfereji, na miche michache ya milia ilipona huko. Kwa kuwa nyuki huchanganya chavua, mbegu zake zilitoka za kila aina. Kila msimu Yustina alizichambua kwenye ungo, akapanda za milia tu, nyingine akaziacha kwa kuku. Mwaka 2004 vichwa vyote vilitoka na mbegu za milia. Wakala alisikia, akaja.

"Bibi, hizi zina damu ya mbegu yetu. Huruhusiwi kugawa."

"Mbegu yenu ilikuja kulala kwangu bila hodi, mwanangu. Nami nikudai nini, mahari?"

Andrea alicheka hadi akashika mgongo. Wakala aliondoka na pikipiki yake. Lakini majirani waliogopa kampuni, na hapakuwa na aliyekuja kuomba mbegu. Ndilo lililomuuma hadi mwisho: kuwa na mbegu, akakosa wa kumpa.

Mwaka 2005 alianza kuugua kifua. Alitibiwa hospitalini Morogoro, akarudi nyumbani, na tarehe 9 Juni 2006 alfajiri akafariki, alizeti yake ikiwa imevunwa lakini haijapurwa. Binti yake Jesca ameipura wakati wa matanga.

Ameacha mume, Bwana Andrea, watoto wawili, Agustino na Jesca, wajukuu saba, na kaka yake, Kasiani, ambaye kwa sauti ya ukoo anaagiza hivi: tukishamfukia, Jesca atasimama na ungo wa mbegu ya mama yake penye njia ya kutokea makaburini. Kila mwanamke atakinga mikono, apewe akapande. Anayeogopa kampuni apite upande wa pili, tumwone.

Yustina, dada yetu, palizi yako imekwisha. Mungu akupe pumziko lenye amani.